Tone la wino kwenye kalenda: kisa cha kideri katika nyumba yenye mgonjwa

Kati ya tarehe 14 na 21 Agosti 2024, kuku 44 walikufa kwa kideri, ugonjwa wa kirusi unaoua kuku, uani kwetu, Chanika, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Kuku walikuwa wa mama. Mama mwenyewe alikuwa kitandani, siku ya tisa tangu dozi ya nne ya kemo, dawa za kutibu saratani yake ya titi. Karibu kila aliyekuja kutupa pole alisema lilelile: nyumba yenye mgonjwa haifugi, mngewauza mapema. Sikubaliani nao hata sasa, na ndiyo maana nimekaa kukiandika kisa hiki chote, pamoja na sehemu zinazoniumbua mimi.

Mama ana miaka 58, mjane. Mimi ndiye mkubwa, fundi cherehani, kibanda changu cha kushonea kiko barabarani, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Mdogo wangu wa kiume alikuwa kidato cha nne, mtihani wa taifa unamsubiri Novemba. Nyumba nzima ni sisi watatu. Siku mama anaanza kemo, Jumatatu tarehe 3 Juni, bandani kulikuwa na mitetea 21, majogoo watatu, na kuku wengine 31 wanaokua, bado hawajaanza kutaga wala kuwika vizuri. Wote wa kienyeji: usiku wanalala bandani, mchana wanazurura uani, wanaparua chini ya mwembe, na wakikuta mlango wa jiko umeachwa wazi wanaingia kama wenye nyumba.

Watu wanaposema kuku ni mzigo, huwa nauliza, mzigo wa kilo ngapi? Sisi tuliupima. Asubuhi kubadilisha maji, kumwaga pumba na chenga za mahindi, kuokota mayai: dakika ishirini na tano. Jioni kuwahesabu na kufunga: kumi na tano. Jumamosi kufagia banda na kubadilisha maranda: saa mbili, na hapo mdogo wangu analalamika muda wote. Basi. Upande wa pili wa mizani, mayai matano au sita kwa siku, kila moja shilingi 500, yaliingiza kama elfu themanini kwa mwezi. Isitoshe, safari ya hospitali. Mtu aliyetoka kuwekewa dripu hawezi kubanana kwenye daladala mbili hadi Chanika huku tumbo linamchafuka, kwa hiyo kurudi ilikuwa lazima kukodi gari, elfu arobaini. Hiyo ni kuku wawili. Kila dozi iliondoka na kuku wawili, na mama alikuwa akiwachagua mwenyewe usiku wa kuamkia safari: "Yule mwekundu mwenye kishungi, na yule mkorofi."

Kabla ya dozi ya kwanza muuguzi alituweka chini akatueleza. Dawa inayoua saratani inaua pia chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu. Chembe hizo hushuka polepole, zinafika chini kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, kisha uboho unazalisha nyingine. Ndiyo sababu dozi zinaachana siku 21. Katika siku hizo za chini, alisema, homa ya nyuzi 38 si homa ya Panadol. Hampimi mara ya pili, hamngoji asubuhi, mnakuja. Alipouliza kama nyumbani kuna mifugo nikasema kuku, akatikisa kichwa. Kinyesi cha kuku kinabeba salmonela na wenzake, vijidudu ambavyo kwa mtu mwenye afya ni siku chache za kuharisha, lakini kwa mtu asiye na chembe nyeupe vinaweza kuingia kwenye damu. Asifagie banda, asishike vifaranga, asile yai ambalo kiini chake bado kinatiririka.

Mimi nilipofika nyumbani nikayafupisha yote hayo kwa sentensi moja ya kijinga: "Mama, wamesema usiguse kuku."

Mama hakujibu. Siku mbili hakula chochote cha maana, na sikujua ni dawa au ni ile sentensi. Siku ya tatu mdogo wangu, ambaye kwa kawaida haoni kitu kisichokuwa kwenye simu, alichukua kiti cha plastiki akakiweka chini ya mwembe, hatua kama nane kutoka bandani, upande upepo unakotoka. Akamwambia mama, "Wewe kaa hapa, sisi mikono yako." Hapo ndipo utaratibu wetu ulipoanzia. Tukafunga wavu kuzuia kuku wasifike barazani. Tukaweka ndoo ya maji yenye bomba na kipande cha sabuni nje ya banda, na makubazi ya kuingilia humo tu. Mama akawa mkuu wa mifugo wa kiti cha plastiki: "Yule mweusi mbona kajitenga? Mshike, mwangalie miguu. Si hivyo, unamnyonga!"

Siku 21 zenyewe zina mambo. Yai la kuku huanguliwa siku ya 21. Dozi ya pili ilikuwa tarehe 24 Juni, na asubuhi ile kabla ya safari mama alimwagiza mdogo wangu amwekee tetea mmoja mayai kumi na matatu. Hakusema kwa nini siku hiyo. Tarehe 15 Julai, tukiwa kwenye benchi tunasubiri dozi ya tatu, simu ikaita: vifaranga kumi na mmoja. Mama akanigeukia. "Mimi na yule kuku tunamaliza siku moja," akasema, na mwanamke aliyekaa jirani, naye kichwa kimefungwa kitambaa kama chake, akacheka mpaka akashika ubavu. Tangu hapo kila mtu pale kwenye benchi alikuwa akimuuliza habari za kuku.

Mgeni njoo

Nyumba yenye mgonjwa ina wageni, na kwetu mgeni anayekuja kumjulia mtu hali haji mikono mitupu. Wiki ya Nane Nane shangazi alikuja kutoka Handeni na jogoo mmoja na tetea mmoja kwenye tenga, wamefungwa miguu, wamesafiri uvunguni mwa kiti cha basi. "Wifi yangu anywe supu," alisema. Nani atakataa? Mama alifurahi kweli. Jogoo alikuwa mzuri mno kuchinjwa, mrefu, shingo tupu, kwa hiyo tukaamua awe wa mbegu. Jioni ile ile, tarehe 8 Agosti, tukawafungulia bandani pamoja na wengine. Kwa hesabu ya mdogo wangu walifika 58: kumi tulikuwa tumeshauza na kula, kumi na mmoja wameanguliwa, na hawa wawili.

Agosti ni kiangazi. Mfugaji yeyote wa kienyeji wa huku atakwambia kwamba kideri, wengine wanakiita mdondo, hupenda miezi hii ya upepo mkavu kabla ya vuli. Mama anajua. Ila tarehe hizo alikuwa siku ya tatu ya dozi ya nne, ile dawa nyekundu inayogeuza hata mkojo uwe mwekundu, na kichwa chake kilikuwa kwenye beseni la kutapikia.

Tarehe 12 nilimwona yule jogoo amesimama kando ya chombo cha maji, shingo ameizamisha mabegani, mdomo wazi. Nikadhani safari imemchosha. Tarehe 13 alikuwa anakoroma. Kila pumzi ilitoka na mlio kama mtu anayevuta soda kwa mrija chupa ikiwa imeisha. Chini yake kulikuwa na kinyesi cha kijani, maji maji, kama maji yaliyochemshiwa mchicha. Tarehe 14 alfajiri alikuwa amekufa, na mitetea wawili wetu wamekufa pamoja naye. Mchana mmoja wa wale wanaokua alianza kuzunguka mahali pamoja, shingo imepinda mpaka jicho linatazama mbinguni, akijaribu kudonoa punje anakosa, anadonoa tena anakosa. Huyo ndiye ninayemkumbuka kuliko wote.

Sasa naorodhesha niliyoyafanya siku mbili zile, maana kisa kisichosema mwandishi alikosea wapi hakimfai mtu.

Nilikimbilia duka la dawa za mifugo nikanunua antibayotiki ya unga nikaikoroga kwenye maji ya kunywa ya kuku wote. Kideri ni kirusi. Antibayotiki haikigusi. Nilijua hivyo? Nilikuwa nimesikia. Lakini ukiona kuku kumi wamejikunyata unataka mkono wako ufanye kitu, na muuza duka naye hakukataa hela. Kesho yake mdogo wangu alisoma maandishi madogo kwenye paketi: mayai yasiliwe kwa siku saba. Tayari nilikuwa nimemchemshia mama mawili. Mengine tukayatupa.

Jioni ya tarehe 15 akaja kijana wa pikipiki anayenunua kuku wa kwenda kwenye mabanda ya supu. Habari zimeshamfikia. Alitoa elfu nne kwa kila kuku ambaye bado amesimama. Kuku wa elfu ishirini! Nikamuuzia watano. Nilijiambia ni bora elfu ishirini kuliko shimo. Usiku nikampigia bwana mifugo wa kata, na alipokea, namshukuru, jambo la kwanza alilosema ni, "Usiuze hata mmoja, usimpe mtu, usitoe hata unyoya nje ya uzio. Zika ndani, weka chokaa." Nikanyamaza kwenye simu. Jirani yetu wa nyuma alianza kupoteza kuku wake siku tisa baadaye. Siwezi kuthibitisha kwamba ni wale watano waliopitishwa mlangoni pake, wala siwezi kujidanganya kwamba sio.

Chokaa hatukuwa nayo, na shimo letu la kwanza lilikuwa fupi. Mbwa walifukua.

Usiku wa tarehe 15

Tulimficha mama. Tulimwambia wamekufa wawili watatu. Lakini mtu aliyefuga tangu 2015 anasikia banda kama mama wa mtoto mchanga anavyosikia pumzi. Saa nane usiku mdogo wangu aliamka kwenda chooni akaona mwanga bandani. Mama alikuwa amechuchumaa humo na khanga moja, simu ameibana kwapani kwa ajili ya tochi, tetea amempakata, anamdondoshea maji mdomoni kwa kidole. Mikono mitupu, miguu mitupu, siku ya kumi tangu dozi. Mdogo wangu hakumgombeza. Alimshika mkono akamtoa, akamnawisha kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akamletea khanga nyingine. Kisha akaja kuniamsha, na hakuweza kusema, akaonyesha tu nje.

Jumamosi tarehe 17, saa moja jioni, kipima joto kikasoma 38.6.

Tuliondoka ndani ya nusu saa, na hilo ndilo jambo moja tulilolifanya sawasawa wiki ile. Damu ilipopimwa chembe nyeupe zilikuwa chini sana. Akawekewa antibayotiki ya mshipa, akalazwa siku nne. Nilimwuliza daktari kama ni kuku. Alisema hawezi kusema ni kuku, wala hawezi kusema si kuku. Chembe zikishuka namna ile, mara nyingi vijidudu vinavyoingia kwenye damu ni vya mgonjwa mwenyewe, vilivyokuwa vinaishi salama tumboni mwake siku zote. Kirusi cha kideri chenyewe hakikuwa hofu yake kubwa. Kwa binadamu kwa kawaida kinaishia kwenye macho mekundu. Hofu ni bakteria wa kwenye kinyesi. Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu ndugu waliporudi nyumbani walishatoa hukumu: kuku wamemtia mama homa. Inawezekana. Lakini angeweza kupata homa hiyohiyo kwenye nyumba isiyo na hata unyoya, na mwanamke yule wa kwenye benchi, anayeishi ghorofani, alilazwa kwa jambo hilohilo mwezi uliotangulia.

Siku ya tatu wodini, mama akaniuliza, sauti imekauka: "Lile tone la Juni mlilifanya?"

"Tone gani, mama?"

"La kwenye kalenda."

Kalenda yetu ni ya duka la vifaa vya ujenzi, imetundikwa nyuma ya mlango wa jiko. Nilipofika nyumbani niliifungua kurasa zote. Tarehe 9 Machi, kwa kalamu ya bluu, kuna tone dogo limechorwa, kama tone la maji, ndani yake namba 40, na pembeni alama ya vema. Tarehe 8 Juni kuna tone. Halina namba, halina vema. Tarehe 7 Septemba tone. Tarehe 7 Desemba tone. Jumamosi zote, kila moja wiki kumi na tatu baada ya mwenzake.

Ni chanjo. Chanjo ya kideri ya aina ya I-2, ambayo kwetu hapa Tanzania inatengenezwa Kibaha, inadondoshwa tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo kipimo kimoja, na inarudiwa kila miezi mitatu. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine za ugonjwa huu, ndiyo maana inafaa kwa wafugaji wasio na friji, ingawa haitakiwi juani. Mama alikuwa ananunua kichupa, anatuambia tu, "Leo mnishikie kuku." Tunamshikia. Miaka yote ile tulishika kuku na hatukuuliza tunashikia nini.

Na pembeni ya tone la tarehe 8 Juni, kwa kalamu nyekundu, kuna mwandiko wangu: "Mama – vidonge vya kutapika, asubuhi na jioni." Niliandika nikiligusa lile tone kwa mkono. Siku hiyo ilikuwa ya tano ya dozi ya kwanza.

Nini hasa kilivunjika

Nimesikia sababu nyingi. Shangazi, masikini, anajilaumu kwa jogoo wake. Jogoo ndiye aliyeleta kirusi, karibu sina shaka: alianza yeye, na siku tangu aingie mpaka aanze kudhoofu zinalingana na jinsi ugonjwa huu unavyojificha. Lakini jogoo mgonjwa kuingia kwenye banda lililochanjwa Juni angekufa yeye na wachache. Aliingia kwenye banda ambalo kinga yake ya Machi ilikuwa imeisha muda, lenye vifaranga kumi na mmoja ambao hawajawahi kuona tone lolote. Waliobaki hai tisa: mitetea saba, jogoo mmoja, kifaranga mmoja. Wale wakubwa nadhani walikuwa bado na masalia ya kinga. Kifaranga sijui alipitaje.

Kazi nyingi? Hapana. Katika wiki zote nane kabla ya Agosti hakuna siku kuku walilala bila kula, wala Jumamosi ambayo banda halikufagiliwa. Kazi ya mikono ilirithiwa vizuri, kwa sababu inaonekana. Anayepita anaona chombo cha maji kikavu. Hakuna anayepita akaona kinga iliyokwisha. Ile sehemu ya ufugaji iliyokuwa kichwani mwa mama, lini, kwa nini, nani aulizwe, hiyo haikurithiwa na mtu, na mwenye kichwa alikuwa anatapika. Kwa upande wa ugonjwa tulikuwa hodari: daftari la dawa, tarehe za dozi, joto asubuhi na jioni, namba ya wodi imebandikwa ukutani. Banda tuliliendesha kwa kubahatisha, tukiona kuliuliza swali ni kumsumbua mgonjwa. Kumbe hilo ndilo swali ambalo angependa kuulizwa. Nilipomweleza mama niliyoyaona kwenye kalenda, hakulaumu. Alisema, "Mliniuliza nimekula nini kila siku. Kuku hamkuniuliza."

Na ile sentensi yangu ya "usiguse kuku" ilichangia. Muuguzi alikataza kinyesi, vumbi, vifaranga mikononi na mayai mabichi. Hakumkataza mama kuwa mfugaji. Mimi nilivichanganya, mama akaelewa kwamba banda si lake tena, na mtu aliyevuliwa kazi hafuatilii tarehe. Kile kiti cha plastiki kilirudisha macho yake tu.

Hasara ya fedha naitaja haraka. Ukiacha vifaranga na wale wa shangazi, waliokufa ni 32, na kwa bei ya wakati ule ni zaidi ya laki tano. Kichupa cha chanjo, kinachotosha kuku zaidi ya mia, tulikuja kukinunua Septemba kwa elfu sita.

Tulivyofanya baadaye

Ndugu walitaka tuwamalize na wale tisa. Kikao kilikuwa barazani, mama yuko ndani amelala, au sisi tulidhani amelala. Mjomba anazungumza vizuri kabisa, afya kwanza, kuku watanunuliwa mama akipona, na watu wanaitikia. Sauti ikatoka dirishani: "Hao tisa ni nauli yangu." Kikao kikaishia hapo.

Tuliweka idadi. Mitetea saba na jogoo mmoja wanatosha kutoa mayai ya jikoni na kuatamia, na tukakubaliana wasizidi ishirini mpaka matibabu yaishe na mtihani wa mdogo wangu upite. Banda tulilifagia mpaka udongo, maranda ya zamani tukayachoma, tukapaka chokaa ukutani, na wale tisa tukawahamishia kwenye kibanda cha makuti upande wa pili wa uani wakati banda likikaa tupu.

Suala la wageni lilikuwa gumu kuliko chokaa. Huwezi kumwambia mtu aliyetoka Handeni rudi na kuku wako. Mama ndiye aliyepata njia: kuku wa mgeni huliwa na mgeni, siku hiyohiyo, na mgonjwa anapata supu yake humo humo. Akiwa mzuri wa mbegu, anakaa wiki mbili kwenye tenga chini ya mkorosho, mbali, na anayemlisha anamlisha wa mwisho, baada ya wengine wote, kisha ananawa. Shangazi alipokuja tena Oktoba alishuka na unga wa muhogo. Tulicheka wote, yeye kwanza.

Nilikwenda kwa jirani wa nyuma nikamwambia habari za wale watano. Alikuwa amepoteza kumi na mmoja. Alinyamaza muda, akaniuliza kama nitamlipa. Nikasema nitamshonea sare za watoto za Januari, wote watatu, bila hela. Akakubali, na hajawahi kulitaja tena, ingawa salamu zake zilichukua muda kupata joto.

Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyempelekea habari ya tone la Septemba. Shida ya kichupa cha chanjo kwa mwenye kuku tisa ni kwamba ukikifungua hukiweki ukakitumia mwezi ujao, kinachobaki kinamwagwa. Kwa hiyo Jumamosi tarehe 7 Septemba nyumba saba za mtaa wetu zilichanga, kichupa kimoja kikazunguka uani kwa uani. Mdogo wangu alikuwa mdondoshaji. Namna ilivyo: mmoja anamlaza kuku ubavu, jicho moja juu, mwingine anashika kichupa wima, tone linaanguka lenyewe bila ncha kugusa jicho, unangoja kuku apepese, tone lisambae, ndipo unamwachia. Ukiwa na haraka anatikisa kichwa na tone linaruka. Mama alikuwa kwenye kiti chake chini ya mwembe, mbali zaidi kuliko kawaida, kwa sababu hii ni chanjo yenye kirusi hai na ikimwingia mtu jichoni inaweza kulivimbisha. Alikuwa anapiga kelele kutoka kule: "Hajapepesa! Mrudie!"

Sasa tone liko sehemu tatu: kwenye kalenda, kwenye simu ya mdogo wangu, na kwa chaki ubaoni mwa mlango wa banda, pamoja na maneno kamili, CHANJO YA KIDERI, ili hata mgeni aelewe. Jirani anajua tarehe. Mtu wa pili wa kukumbuka tarehe si lazima awe wa ndani ya nyumba.

Homa ile ilisogeza dozi ya tano wiki moja, mpaka tarehe 2 Septemba. Dawa ilikuwa nyingine, haikumtapisha kama ile nyekundu, ila vidole vya miguu vilikufa ganzi na viungo vilimuuma siku tatu mfululizo kila mara. Katika dozi hizo nne za mwisho hakupata homa tena. Nauli tuliipata kwa kushona, kwa mchango wa mjomba (mtu ni mjomba wake, nimsifu), na mara moja tu kwa kuku.

Tarehe 14 Oktoba, asubuhi ya dozi ya saba, mama alimwita mdogo wangu dirishani akamwambia amwekee tetea mweusi mayai kumi na mawili. Safari hii sote tulijua kwa nini.

Dozi ya nane ilikuwa Jumatatu tarehe 4 Novemba. Tulirudi jua limeshuka. Upasuaji ulikuwa umepangwa Desemba, na njia nzima hatukuuzungumzia. Mama hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti, akakaa, miguu ameinyoosha kwa sababu ya ganzi. Mdogo wangu, daftari la Baiolojia bado kwapani, akaingia bandani na makubazi, akatoka amemshika kifaranga kwenye viganja, akasimama hatua zile zile nane.

"Wangapi?" mama akauliza.

"Kumi na mmoja."

"Niliweka kumi na mawili."

"Moja halijatoboka."

"Lete. Lisogeze sikioni. Lako, si langu. Unasikia kitu?"

Mdogo wangu akaliweka yai sikioni, akafumba macho. Tukangoja.

"Linagonga," akasema.

"Basi lirudishe haraka, linapoa."